Mgeni wa intaneti naye apewe jembe

Wahenga waliponena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakukusudia kumfukuza mgeni. Walikusudia kumwingiza katika hesabu ya nyumba. Aliyepewa jembe alifuatana na wenyeji wake hadi shambani, akaijua mipaka ya shamba na majirani wanaopakana nalo, akajua kama ni msimu wa kupanda au wa kupalilia, na jioni alipoketi kula alikula kilichotokana na jasho lake pia. Jembe lilikuwa mzigo, lakini vilevile lilikuwa heshima. Mtu asiyepewa jembe hubaki mgeni hata akikaa miaka kumi.

Katika miaka ya hivi karibuni amezuka mgeni wa aina nyingine, ambaye methali hii haikumtarajia. Mgeni huyu huja na jembe lake mkobani. Jembe hilo ni kipakatalishi, na shamba analolilima liko ng'ambo ya bahari. Ameajiriwa London au Chicago, na mshahara wake hutoka huko; lakini hula, hulala na hutembea katika mji mwingine kabisa, alioupendelea kwa sababu ya hali ya hewa, unafuu wa kodi ya nyumba na kasi ya intaneti. Wageni hawa huitwa wahamaji wa kidijitali. Sisi tunaoshughulikia lugha hatuna budi kulisaili jina hilo. Mfugaji wa Kiturkana au wa Kimaasai ahamaye na mifugo yake hujua jina la kila kisima na kila kilima anachopitia, na hathubutu kunywesha ng'ombe wake kabla ya kuzungumza na wenye maji. Uhamaji wake ni maarifa ya mahali. Mhamaji wa kidijitali ameazima jina la mfugaji, ilhali maarifa hayo hakuna aliyemwuliza.

Swali la makala haya basi ni hili: mgeni wa namna hiyo apewe jembe gani? Jibu langu ni kwamba apewe jembe la lugha. Nitalieleza kwa mfano wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, nilikokaa majuma sita nikisimamia tasnifu za wanafunzi wangu walioko Nairobi kwa njia ya intaneti. Kwa muda huo nami nilikuwa mhamaji wa aina hiyohiyo, kwa hiyo sisemi kama mtu aliyesimama ukingoni akiwatazama waogeleaji.

Bogotá ni mji wa watu wanaokaribia milioni nane, uliojengwa juu ya tambarare iliyoinuka kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Mkazi wa Nairobi, ambaye huamini kwamba yeye ndiye mtu wa nyanda za juu, hufika huko akatweta anapopanda ngazi. Upande wa mashariki mji umeegemea safu ya milima, na mwenyeji akikuelekeza njia hukuelekeza kwa milima hiyo. Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Mwanafunzi aliyetaka kuzungumza nami saa nane mchana wa Nairobi alinipata saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza. Na kwa kuwa mji huo uko karibu na ikweta kama wetu, jua huchomoza takribani saa hiyohiyo mwaka mzima. Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu siku panapopambazuka, ingewafaa watu wa Bogotá bila marekebisho yoyote.

Mwaka 2022 serikali ya Kolombia ilibuni viza maalumu ya wahamaji wa kidijitali, ambayo humruhusu mtu kukaa hadi miaka miwili. Mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba anaajiriwa au anafanya biashara na watu walio nje ya nchi, kwamba mapato yake ya kila mwezi hayapungui mara tatu ya kima cha chini cha mshahara wa Kolombia, na kwamba ana bima ya afya. Tena viza hiyo hutolewa kwa raia wa nchi ambazo tayari zimesamehewa viza ya ziara fupi, yaani mlango mpya umefunguliwa kwa wale ambao wa zamani haukuwafungia. Mapato, bima, pasipoti: hayo ndiyo maswali ya serikali. Kuhusu lugha ya nchi, mwombaji haulizwi hata neno moja.

Serikali haiulizi, lakini mji unauliza. Jambo lililonigusa zaidi Bogotá ni kwamba mji huo huzungumza lugha yake bila kuomba radhi. Mwenye duka, dereva wa teksi, karani wa benki na mlinzi wa mlangoni huanza kwa Kihispania na kuendelea kwa Kihispania; wakiona umekwama watakisema polepole, watakirudia, watakionyesha kwa mikono, lakini hawatakitupa ili kukupendeza. Na Kihispania chenyewe cha hapo si kile ambacho mgeni alikariri vitabuni. Vitabu hufunza kwamba neno usted ni la kumwita mtu wa heshima au usiyemjua, na neno tú ni la jamaa na rafiki. Bogotá utamsikia mume akimwita mkewe usted, na baba akimwita mwanawe usted, kwa mapenzi kabisa. Aliyesoma vitabu tu atadhani wamegombana. Fauka ya hayo kuna sumercé, neno lililotokana na maneno mawili ya kale ya kumtukuza bwana. Leo hilo hutumiwa na muuza mboga kwa mteja wake, na mtoto kwa mamaye, likibeba heshima na ukunjufu kwa pamoja.

Zingatia pia namna ya kuomba. Mtu wa Bogotá anayenunua kahawa nyeusi, ambayo huko huitwa tinto, hasemi nipe wala nataka. Husema, kwa maana ya neno kwa neno, je, utanizawadia kahawa? Kisha hulipa kama kawaida. Mgeni asiyejua huweza kudhani kwamba watu wa mji ule huomba vya bure. Mswahili wa Mombasa au Lamu hatashangaa hata kidogo, kwa maana naye huingia mkahawani akasema naomba chai, na fedha anazo mfukoni. Pande zote mbili wameuona ukweli mmoja: biashara hata iwe ndogo namna gani ni mkutano wa watu wawili, na lugha ina kazi ya kuulinda utu wao kabla ya fedha kubadilishana mikono.

Asiyeijua lugha hiyo hukosa nini? Wengine watasema hukosa ladha tu, kama mtu alaye chakula bila chumvi. La, hasara ni kubwa zaidi ya hapo. Kuanzia Aprili 2024 hadi Aprili 2025 Bogotá iligawiwa maji kwa zamu, baada ya mabwawa ya Chingaza, yanayoupa mji sehemu kubwa ya maji yake, kupungua mno kwa ukame. Mji uligawanywa katika maeneo, na kila eneo lilipofikiwa na zamu yake lilikosa maji kwa saa 24. Matangazo ya zamu yalikuwa ya Kihispania, na mazungumzo ya ngazini kati ya majirani, nani ana pipa, mzee gani asaidiwe kubeba ndoo, yalikuwa ya Kihispania. Asiyeyafuata mazungumzo hayo aliona tu kwamba bomba limekauka. Alikuwa amepatwa na shida ya mji bila kuwa mmoja wa wenye shida.

Kadhalika kuna suala la tabaka za nyumba. Nchini Kolombia makazi hupangwa katika tabaka sita, na sheria ya huduma za umma ya mwaka 1994 imeweka utaratibu ambao kwao wakazi wa tabaka la 5 na la 6 hulipa nyongeza katika ankara za huduma kama vile maji na umeme, ili wale wa tabaka la 1, la 2 na la 3 wapunguziwe. Wahamaji wa kidijitali aghalabu hupanga katika mitaa ya kaskazini kama vile Chapinero na Usaquén, ambako nyumba nyingi ni za tabaka za juu. Kwa hiyo wengi wao humchangia maji mkazi wa vitongoji vya kusini pasipo kujua. Nchi imepata njia ya kulitoza kundi hili mchango wa fedha hata kama halina habari. Mchango wa aina nyingine hauwezi kukatwa katika ankara.

Nisieleweke vibaya. Wageni hawa wana faida. Hukodi nyumba, hula mikahawani, hulipa walimu wa lugha walio wachache miongoni mwao wanaojifunza. Tena mji wenyewe umewafungulia mengi. Maktaba ya Luis Ángel Arango, iliyofunguliwa mwaka 1958 chini ya Benki Kuu ya Kolombia, humkaribisha mwanafunzi wa kitongojini na mtafiti wa kigeni katika meza moja. Kila Jumapili na siku za mapumziko, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120 za barabara hufungwa magari yasipite, ili watu watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Desturi hiyo ilianza mwaka 1974 na haijakoma. Mji unaotoa hivyo una haki ya kutarajia kitu.

Hapa msomaji makini ataniuliza: Je, Kihispania chenyewe si lugha ya mgeni huko Bogotá? Si lugha ya mshindi? Swali hilo ni la haki, na ndilo linalofanya mfano wa Bogotá uwe wa mafunzo kwetu. Kabla Gonzalo Jiménez de Quesada hajauasisi mji wa Wahispania mwaka 1538, tambarare ile ilikuwa ya Wamuisca, na lugha yao ndiyo iliyosikika sokoni. Mwaka 1580 mfalme wa Uhispania aliagiza lugha za wenyeji zifunzwe rasmi katika makoloni yake ya Amerika, na hapo mjini likawekwa somo la lugha ya Wamuisca ili makasisi waijue kabla ya kupewa parokia. Mwaka 1619 sarufi ya lugha hiyo, iliyoandikwa na mtawa Bernardo de Lugo, ilichapishwa Madrid. Nia ilikuwa kuwageuza watu dini, hilo hatulifichi. Hata hivyo kanuni ilikuwa kwamba mgeni ndiye ajifunze. Mwaka 1770 mfalme mwingine, Carlos wa Tatu, akaipindua kanuni. Aliamuru lugha za wenyeji zikome na Kihispania pekee kitumike. Lugha ya Wamuisca haikuipita karne hiyo ikiwa hai vinywani mwa watu. Iliyobaki ni majina ya mahali: Usaquén, Suba, Usme, Fontibón, na Bogotá lenyewe, linalotokana na Bacatá.

Kwa hiyo katika mji mmoja tunaziona zama mbili, ile ambayo mgeni alitakiwa kuijua lugha ya mwenyeji, na ile ambayo mwenyeji aliamriwa kuiacha yake. Amri ya kifalme ilihitajika ili kuhama kutoka zama ya kwanza kwenda ya pili. Siku hizi amri haihitajiki. Mwenye mkahawa akianza kuandika orodha ya vyakula kwa lugha ya mgeni peke yake, mwenye nyumba akianza kumkataa mpangaji asiyelipa kwa dola, na kijana akiona kwamba lugha ya nyumbani haimpi kibarua, kazi ya mwaka 1770 hufanyika tena bila saini ya mfalme yeyote.

Kolombia imejaribu kulitengeneza kosa lake la kihistoria. Katiba ya mwaka 1991 ilitamka kwamba Kihispania ni lugha rasmi ya nchi, na kwamba lugha za jamii za asili ni rasmi katika maeneo yao. Sheria ya mwaka 2010 ikaongeza ulinzi wa lugha hizo, ambazo ni zaidi ya 60. Miongoni mwa lugha zinazotambuliwa imo moja inayotuhusu sisi moja kwa moja. Katika kijiji cha San Basilio de Palenque, karibu na Cartagena, wazao wa Waafrika waliotoroka utumwa katika karne ya 17 huzungumza lugha iliyozaliwa kwa Kihispania kukutana na Kikongo. Ng'ombe wao humwita ngombe. Mtoto humwita moná, na wakitaka kusema watoto hutanguliza ma, kiambishi ambacho wataalamu hukihusisha na wingi wa lugha za Kibantu. Watu waliovushwa bahari kwa minyororo, wasio na mali wala pasipoti, walilihifadhi neno ng'ombe kwa zaidi ya miaka 300. Lugha ina nguvu ya kudumu pale watu wanapoiona kuwa ni nyumba yao.

Nina mfano mmoja zaidi wa mji huo. Rufino José Cuervo, mwanaisimu aliyezaliwa Bogotá mwaka 1844, alikuwa na kiwanda cha bia pamoja na nduguye. Mwaka 1882 ndugu hao walihamia Paris, na fedha za bia ndizo zilizomwezesha Cuervo kuishi huko na kuandika kamusi kubwa ya matumizi ya maneno ya Kihispania. Alichapisha majuzuu mawili, mwaka 1886 na 1893, akafariki mwaka 1911 kazi ikiwa haijakamilika. Taasisi ya Caro y Cuervo, iliyoundwa Bogotá mwaka 1942, iliiendeleza kamusi hiyo hadi ikaikamilisha mwaka 1994. Cuervo aliishi ugenini kwa fedha zilizotoka kwao, kama wahamaji wa leo wanavyofanya. Tofauti ni kwamba mavuno yake aliyaandika ili yabaki, na nchi yake ikaona yanastahili kupaliliwa kwa zaidi ya miaka 80 baada ya kifo chake.

Sasa tugeukie kwetu. Mwaka 2024 serikali ya Kenya nayo iliongeza katika orodha yake kibali cha wafanyakazi wahamaji wa aina hii. Maswali yetu yamefanana na ya Kolombia: ithibati ya kazi iliyo nje ya nchi na ithibati ya mapato. Lakini miji yetu haifanani na Bogotá. Mgeni akishuka Nairobi, Diani au Watamu, sisi ndio huharakisha kuiacha lugha yetu kabla hajatuomba. Akisema habari, tunamjibu kwa Kiingereza. Akijaribu sentensi ya pili, tunacheka kwa furaha kama aliyeona kasuku akitamka, kisha tunarudi kwenye Kiingereza. Mgeni huyo hukaa miaka miwili na kuondoka na maneno matatu, kisha tunamlaumu yeye.

Watetezi wa hali hii hujibu kwamba Kiingereza pia ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Ni kweli. Lakini ibara hiyohiyo ya 7 imekitaja Kiswahili peke yake kuwa lugha ya taifa, na neno taifa halikuwekwa pale kwa ajili ya kupamba ukurasa. Tena sheria yetu ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 humtaka mkazi anayeomba uraia kwa kusajiliwa awe anaelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha nyingine ya humu nchini. Maana yake ni kwamba Bunge lilikwisha kuikubali hoja: anayetaka kuwa mmoja wetu sharti aweze kusema nasi. Mhamaji wa kidijitali haombi uraia. Anaomba kukaa, kupanga nyumba, kutumia barabara na maji yetu kwa miezi na miezi. Ikiwa raia mtarajiwa anadaiwa lugha nzima, je, mkazi wa mwaka mzima hawezi kudaiwa hata kizingiti chake?

Wengine watahofia kwamba sharti la lugha litawafukuza wageni kwenda nchi nyingine. Hofu hiyo haina mashiko, kwa maana sipendekezi mtihani wa kumzuia mtu uwanja wa ndege. Napendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, anayepewa kibali hicho kwa mara ya kwanza aingie bila sharti la lugha, lakini anapotaka kukiongeza muda aonyeshe kwamba amehudhuria saa kadhaa za masomo ya Kiswahili. Pili, masomo hayo yatolewe na walimu waliohitimu katika vyuo vyetu, kwa ada ya haki. Kila mwaka tunafuzisha vijana wenye shahada za Kiswahili ambao hawapati ajira; hao wapewe kazi hii, na fedha za mgeni zitafika katika nyumba ambazo kodi ya ufuoni haifiki. Tatu, na hili ni letu sisi wenyeji, tuzoee kumjibu mgeni kwa lugha aliyotuanzia. Akijikwaa tumsaidie kama Bogotá inavyosaidia, kwa kurudia na kwa subira.

Nafahamu kwamba hili la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halitatekelezwa na wizara yoyote. Litatekelezwa na mhudumu wa hoteli, mwendeshaji wa bodaboda, mama muuza matunda na karani wa ofisi ya ardhi, kila mmoja katika dakika yake moja na mgeni wake. Watu wa Bogotá hawakuagizwa na waziri kumwambia mgeni sumercé. Husema hivyo kwa kuwa ndivyo wanavyosemezana wenyewe, na mgeni akisikia vya kutosha huelewa kwamba amewekewa kiti katika mazungumzo.

Wahamaji hawa watazidi kuja, kwa kuwa kazi zinazofanyika kwa intaneti hazina nchi na tiketi za ndege zipo. Kuwakataa ni kupoteza, na kuwapokea kama wapita njia wenye fedha ni kuigeuza nchi kuwa nyumba ya wageni ambamo sisi ni watumishi. Mgeni wetu wa leo amekwisha kuvuka siku ya tatu, na bado tunambebea mizigo. Jembe liko ukutani, lina mpini wa Kiswahili. Tumkabidhi.